Fundi wa Bondeni, Tairi la Masafa na Halua ya Ukweni

Saa tatu asubuhi, siku ya Ijumaa, na kwenye kibanda cha matairi cha Bi Mwanaesha Fumo mtaani Bondeni hapana pa kutia mguu. Wenye tuktuk wameegesha, wakashuka. Mama mmoja aliyekuwa njiani kwenda sokoni ametua kikapu chini. Barazani mkabala, wazee wamesogea hadi ukingoni wasipitwe na neno.

Katikati ya halaiki hiyo imesimama pikipiki. Tena si hizi za bodaboda. Hii ni ya safari za mbali, rangi ya samawati, ina kioo cha kukinga upepo mbele, masanduku mawili ya bati ubavuni, na kiti kipana utadhani kochi la bibi harusi.

Juu yake ameketi Bwana Maxwell Ogutu, karani wa makontena bandarini, kifua mbele. Nyuma yake, mikono kiunoni mwa Ogutu, ameketi Kamaludin, muuza kahawa wa mtaa, mtu mwembamba ambaye kanzu yake hupepea hata pasipo upepo.

"Kamaludin, jilegeze!" anapiga kelele mwenye tuktuk mmoja. "Wewe sasa ni mke wa mtu!"

"Niacheni, nina haya," anajibu Kamaludin, na watu hoi kwa kicheko.

Chini, Mwanaesha amepiga magoti. Buibui amelikunja akalifunga kiunoni juu ya suruali ya kazi, na mkono wake wa kulia umezama kati ya tairi la nyuma na madigadi ya ndani, lile bati la kukinga matope.

"Vidole viwili vyapita," anatangaza.

"Na cha tatu?"

"Cha tatu cha nini, wataka kulivisha pete?"

Anasimama, anapangusa mikono, anaizunguka pikipiki mara nyingine. Uso wake una furaha, lakini jicho halibanduki kwenye tairi. Lile tairi la nyuma ni la meno makubwa, la kukamata matope, na si yeye aliyelichagua.

Mwanaesha, mwenye umri wa miaka arubaini na moja, ni mzaliwa wa Kuze, Mji wa Kale. Hakuanza na spana. Alianza na sufuria. Kwa miaka alikuwa akiuza viazi karai hapo hapo Bondeni, kando ya fundi wa pancha aitwaye Mzee Kingi. Mwenye pancha alikaa kusubiri, na mwenye kusubiri alikula.

"Wateja wake walikuwa wateja wangu," anasema. "Siku moja mgongo ukamshika, akaniambia, we Mwanaesha, hebu nishikie gurudumu hili. Nikalishika. Mpaka leo sijaliwacha."

Mzee Kingi aliporudi kwao Kilifi kupumzika, alimwachia kibanda, mashine ya upepo na wateja. Maneno hayakukosekana. Kuna waliosema mwanamke hawezi kubandua tairi la tuktuk. Kuna waliosema anaweza lakini haipendezi. Baada ya mwezi wote walikuwa wakimletea pancha zao, kwa sababu alikuwa karibu na alikuwa na viazi.

Kuziba pancha ya bodaboda ni shilingi mia. Siku ikichangamka, Mwanaesha hurudi nyumbani na elfu moja na mia tano, na kwa hizo amesomesha wanawe wawili. Lakini kwa muda mrefu moyo wake umekuwa kwenye pikipiki kubwa, zile zinazokusanyika barabara ya Mama Ngina kila baada ya wiki kadhaa kabla ya kushika njia ya bara.

"Zile hazijapata kuja kwangu," anaeleza. "Wenyewe huvuka hadi ng'ambo, au hufungia matairi Nairobi. Nilikuwa nikienda pale Mama Ngina jioni nikila mihogo, nazitazama miguu. Watu wanatazama bahari, mimi natazama matairi."

Ya Ogutu ni ya kwanza. Jumapili asubuhi ataondoka nayo pamoja na kundi la wasafiri wenzake, na wote watakuwa na macho. Mwanaesha haifichi hofu yake. "Nikiifunga vyema, watanijua. Nikiiharibu, watanijua zaidi. Nitaziba pancha mpaka nizeeke."

Safari yenyewe si ya mchezo. Ogutu na mkewe, Beryl, wanakwenda kwao Homa Bay, karibu kilomita mia tisa. Mama yake Ogutu amejengewa nyumba mpya na Jumanne inafunguliwa kwa maombi. Wangeweza kupanda basi. Lakini Ogutu aliinunua pikipiki hii mwaka jana kwa mtu aliyekuwa akihama Nyali, na tangu siku hiyo hana usingizi.

"Nimepandisha makontena ya watu yakaenda Kampala, Kigali, Juba," anasema. "Mimi mwenyewe sijafika popote. Safari hii naenda kwetu nikiona barabara kwa macho yangu, na mke wangu nyuma."

Ubishi wa tairi ulianza mapema wiki hiyo, Ogutu alipofika kibandani na lile la meno begani, kalinunua kwa mwenzake wa kazini. Mwanaesha alilitazama, akamwambia kistaarabu kwamba zuri, lakini la kwenda wapi?

"Kwetu mwisho wa njia ni udongo mweusi," Ogutu alijitetea. "Mvua ikinyesha, hata ng'ombe anateleza."

"Ni kilomita ngapi za udongo huo?"

"Kama saba hivi."

"Na lami?"

Baraza likajibu kwa niaba ya Ogutu: zote zilizobaki.

Hapo ndipo Mwanaesha alipowapa watu darasa ambalo hadi leo wanasimuliana. Tairi la meno, alieleza, likienda juu ya lami ya moto kutoka Mariakani hadi Athi River, meno yanalika kama kashata mdomoni, linavuma, na kwenye kona linayumba. Safari ya namna hii inataka tairi la masafa: mpira wa katikati mgumu, kwa sababu katikati ndipo panapobeba ile njia ndefu iliyonyooka, na mpira wa pembeni laini, ili ukilala kwenye kona likushike.

Kisha akaja kwenye namba. Tairi la kiwandani la pikipiki ile limeandikwa 150/70, rimu ya 17. La Ogutu limeandikwa 140/80, rimu hiyo hiyo.

"Basi langu dogo kuliko la kiwandani," Ogutu alisema. "Mia na arubaini na mia na hamsini, hesabu gani hiyo ya kubishania?"

"Kwa upana dogo," Mwanaesha alimjibu. "Kwa kimo kubwa. Hii namba ya pili ni sehemu ya ile ya kwanza. Sabini katika mia ya mia na hamsini, wapata milimita mia na tano. Themanini katika mia ya mia na arubaini, wapata mia na kumi na mbili. Hapo hujayatia meno. Lako limesimama juu zaidi."

Barazani watu wakahesabu kwa vidole, kisha fujo. Kamaludin aliacha kumimina kahawa. Wawili walikopa simu wakahakikishe. Mwenye tuktuk mmoja akadai mambo hayo ni ya Ulaya, Bondeni tairi ni duara tu.

Lakini moyo wa Ogutu ulikuwa umekwishaenda. Alilishika lile tairi kama mtoto aliyeshika mpira siku ya Idi. Na mteja ni mteja. Mwanaesha akakubali lifungwe, kwa sharti kwamba vidole viwili vipite chini ya madigadi pikipiki ikiwa imebeba watu wote wawili.

Ndiyo maana Ijumaa hii Kamaludin anakalia kiti cha Beryl. Kumwita mke wa mtu, kumkalisha mbele ya baraza zima na kumpima uzito kwa tairi, ni jambo ambalo hapa hakuna aliyethubutu hata kulitaja. Mwanaesha hakulitaja. Ogutu hakulitaja. Kamaludin akaonekana anafaa, kwa kuwa alikuwepo.

Vidole viwili vikapita. Ogutu akaondoka mbio kwenda kujionyesha Mama Ngina.

Jumamosi, baada ya adhuhuri, inafika tuktuk. Haishuki mtu kwanza. Inashuka mizigo.

Linatoka kopo la halua, na la pili, na jingine kubwa lililofungwa kwa kamba ya mnazi. Linatoka fungu la leso za Biashara Street, doti kwa doti, za mashangazi wote wa ukweni. Zinatoka tende, achari ya maembe, mabuyu ya watoto, na kitu kirefu kimeviringishwa gazeti ambacho baadaye kinajulikana kuwa ni mbuzi ya kukunia nazi.

"Homa Bay kuna nazi?" anauliza Kamaludin.

"Nazi ziko kwenye mfuko mwingine," inajibu sauti kutoka ndani ya tuktuk.

Ndipo anaposhuka Beryl mwenyewe, mwalimu wa chekechea huko Tudor, mwanamke mrefu mwenye mwili wake na cheko lake, koti la pikipiki begani. Anasalimia mmoja mmoja, kama alivyozoea baada ya kuishi Mombasa miaka ishirini. "Bi Mwanaesha, shikamoo dada. Nimesikia tairi liko tayari."

"Marahaba, Mama Achieng. Karibu." Mwanaesha anaitazama ile mizigo, na sauti yake inapungua. "Hivi vyote vyaenda?"

"Mama mkwe kanipigia simu. Amesema, Beryl, ukija bila halua ya Mombasa, geuka hapo hapo langoni."

Ogutu alikuwa amesema begi moja. Ogutu, aliyetangulia na pikipiki, anageuza macho kwenye msikiti wa jirani.

Masanduku ya bati yanajazwa, kisha begi linafungwa juu, kisha begi juu ya begi. Ogutu anapanda. Beryl anapanda. Pikipiki inashuka taratibu, kama mtu anayekaa kwenye kiti cha wageni, halafu inashuka tena kidogo. Wanakwenda polepole hadi kwenye tuta lililo mbele ya duka la kuku. Gurudumu la mbele linavuka salama.

La nyuma linapotua, unasikika mkwaruzo mrefu wa mpira juu ya bati. Harufu ya kuungua inafika barazani kabla ya pikipiki kurudi.

Hakuna anayecheka. Mwanaesha ameshachuchumaa, taa ya simu mkononi. Ndani ya madigadi pana mstari mweusi, mpya, na meno mawili ya tairi yamekatika vichwa.

"Nini kimenikwaruza huko chini?" anauliza Beryl.

"Tairi limegusa," anasema Mwanaesha. "Hapa mwendo ni wa mtu anayetembea. Lingegusa hivi huko Mtito Andei, mkiwa mbio na lori nyuma, gurudumu lingeweza kujifunga likawaangusha."

Beryl anamwangalia mumewe, kisha fundi. "Lakini si mlipima jana? Mlipima na nani nyuma?"

Macho ya mtaa mzima yanageuka. Kamaludin anajificha nyuma ya dele lake la kahawa, lakini dele halimtoshi.

"Huyu?" Beryl anamnyooshea kidole. "Huyu ndiye mimi? Jamani, mlinipima kwa uzi?"

Hapo Bondeni inalipuka. Mzee mmoja anaomba ashikwe asianguke barazani. Hata Ogutu anacheka, hadi mkewe anapomtazama tena.

Mwanaesha peke yake hacheki. "Kosa ni langu, Mama Achieng," anasema mbele ya wote. "Fundi ni mimi. Nilipaswa kukuita na mizigo yako. Nikaona haya, mke wa mtu kukalishwa hapa akapimwa na watu wanatazama."

"Haya ya nini, dada?" Beryl anamshika bega. "Fundi wa nguo kanipima siku ya harusi mbele ya mawifi wanane, na kila mmoja alikuwa na la kusema. Tairi lisinipime? Hilo ndilo litakalonibeba!"

Saa zinakwenda na safari ni kesho. Ogutu anajaribu suluhisho. "Labda tuiache halua."

"Ebo!" linaguna baraza.

"Bora nikuache wewe," anasema Beryl, "halua nitaipeleka mwenyewe."

Mwanaesha anakaza springi za nyuma kadiri zinavyokazika. Mkono unaingia kwa shida. Anatikisa kichwa. Lile tairi la meno linabanduliwa, na sasa hakuna mjadala: linatakiwa 150/70 la masafa, na la mbele 110/80 rimu 19, la aina moja na la nyuma, kwa kuwa mbele laini na nyuma meno ni kama kuvaa kiatu mguu mmoja na ndara mguu wa pili. Namba za mwisho ubavuni, za uwezo wa kubeba, zisishuke chini ya zile za kiwandani.

Yeye na Ogutu wanapanda tuktuk hadi kwa Ghassan Taha, muuza vipuri karibu na Biashara Street, ambaye ukoo wake umefanya biashara mitaa hiyo tangu enzi za mababu. Ghassan anawapokea kwa salamu ndefu, hali za nyumbani, hali za watoto, na juisi ya ukwaju. Kisha anaonyesha tairi lililoning'inia nje ya duka.

"Mia na hamsini sabini. Jipya, Bi Mwanaesha. Halijagusa barabara."

Mwanaesha analigeuza, anatafuta ubavuni zile tarakimu nne ambazo watu wengi hawazisomi: mbili za wiki na mbili za mwaka liliotoka kiwandani. Tairi limevuka miaka saba. Analikunja kwa viganja na mpira unaonyesha nyufa nyembamba.

"Ghassan, ndugu yangu, barabara halikuigusa, lakini jua limeligusa kila siku. Hili limekuwa papa mkavu."

Ghassan anacheka, anainua mikono. "Haki yako. Hilo nimeliweka kama bango. Hata mimi singelipanda."

"La kupanda liko wapi?"

Hapo ndipo penye mtihani. Ndani, juu darini, kuna jozi moja, mbele na nyuma, saizi zile zile, imetoka kiwandani mwaka huu. Lakini imewekewa mtu. Ni ya Sheryl, mfanyakazi wa ofisi ya bima mjini, msafiri wa siku nyingi, aliyelipia mapema. Jozi nyingine itafika wiki ijayo.

Ghassan anapiga simu, anaiweka sauti ya juu. Mwanaesha anajieleza mwenyewe, bila kupamba: tairi lililogusa, Kamaludin, Beryl, halua na kila kitu. Upande wa pili Sheryl anacheka mpaka anakohoa.

"Mlimkalisha muuza kahawa?"

"Tulimkalisha, dada yangu."

"Na umeniambia mwenyewe. Mafundi wengine wangeniambia tairi lina kasoro." Anavuta pumzi. "Mpeni Ogutu. Mimi naondoka mwezi ujao. Ila yangu ikifika, Bi Mwanaesha, utanifungia wewe."

Wanarudi Bondeni wamekumbatia matairi. Kwanza Mwanaesha anasugua kingo za rimu kwa waya, kwani hewa ya chumvi huzila pole pole, na tairi lisilo na tyubu likikaa juu ya kutu huvuja bila msumari wowote. Anapaka sabuni, anabandika, na ukingo wa tairi unapokaa mahali pake kwa mlio mkubwa, barazani kuna wanaoruka.

Jirani mmoja anamshauri Ogutu apunguze upepo, kwani joto la Voi litaujaza wenyewe. Mwanaesha anamkata kauli. "Upepo ukiwa mdogo ndipo tairi linapopikika. Pima asubuhi likiwa baridi. Kwa mzigo huu, mbele thelathini na sita, nyuma arubaini na mbili. Likipata moto, usiliguse."

Sasa mizigo inapakiwa upya. Sasa Ogutu anapanda, na Beryl anapanda, mgongo umenyooka kama anayepigwa picha. Mwanaesha anapiga magoti. Mkono wake unaingia mzima chini ya madigadi, na anaugeuza kiganja juu, kiganja chini.

Wanakwenda kwenye tuta. Mtaa mzima unatazama, hata mwenye duka la kuku ametoka. Gurudumu la mbele linavuka. La nyuma linavuka, linatua, na hakusikiki kitu. Wanageuka, wanavuka tena kwa kasi zaidi. Kimya kile kile. Kigelegele cha kwanza kinatoka dirishani ghorofani, na baada yake haiwezekani tena kuhesabu.

Jumapili asubuhi, Mama Ngina, pikipiki zimejipanga na watu wa matembezi wamekusanyika. Mwanaesha yupo, kavaa leso mpya. Wasafiri wanainama mmoja mmoja kutazama matairi ya Ogutu, wanasoma namba, wanauliza nani kafunga. "Huyu hapa," anasema Beryl kila mara, kwa sauti ya kufundishia chekechea.

Mwanaesha ana wosia mmoja. "Bwana Ogutu, tairi jipya lina utelezi. Mpaka mfike Voi, mwendo wa harusi. Baada ya hapo, Mungu awasindikize."

Wanaondoka wakipiga honi, na yeye anabaki akipunga mkono mpaka hawaonekani.

Siku hiyo hakula. Jumatatu, jirani yake Fadhiya, muuza mahamri, alikuja mbio: pikipiki kubwa imeanguka huko njiani, ya rangi ya buluu, amesikia kwa mtu aliyesikia kwa dereva wa lori. Mwanaesha alipiga simu ya Ogutu, haikupatikana. Ya Beryl, haikupatikana. Aliziba pancha ya bodaboda mahali pasipokuwa na tundu.

Simu ililia alasiri. Ilikuwa ni Beryl, na nyuma yake shangwe za watu wengi.

"Dada! Tumefika!"

"Hamkuanguka?"

"Nani aanguke? Simu zililowa, ndiyo kwanza zimekauka; tumepigwa na mvua kutoka Narok mpaka Kisii. Kona zile, dada, tairi limeshika utadhani limegundishwa."

"Na zile kilomita saba za udongo?"

Beryl alicheka muda mrefu kabla ya kujibu. Huko, alikiri, tairi la meno lingekuwa na lake la kusema. Ogutu amesukumwa na vijana wa kijiji hadi langoni, matope mpaka kwenye kofia, na yeye Beryl ametembea kwa miguu na kopo la halua kichwani, mashangazi wakimlaki kwa nyimbo. "Tumeteleza nyumbani kwetu, mbele ya watu wetu," alisema. "Hiyo ni raha. Kwenye barabara kuu hatukuteleza hata mara moja."

Mwanaesha aliweka simu chini, akakaa juu ya tairi kuukuu, akalia kidogo. Halafu akaagiza mahamri ya baraza zima kwa Fadhiya, naye Fadhiya, kwa ajili ya habari zake za dereva wa lori, akayatoa bure.

Leo, wiki moja baadaye, kibandani hapo imesimama pikipiki nyingine kubwa, nyekundu. Ni ya Sheryl. Jozi yake imefika kwa Ghassan, na safari yake ya Uganda bado ina wiki tatu, lakini amekuja na hema, jiko la gesi, masanduku yamejaa, na dada yake atakayekaa nyuma. Hakuambiwa na mtu aje hivyo. Kwenye kundi lao la WhatsApp imekwishakuwa kanuni: ukienda Bondeni, nenda na safari yako yote.

Nyuma yake wapo wengine wawili, mmoja katoka Kilifi.

Mlango wa pili kutoka kibandani kuna stoo iliyokuwa ya mbao, sasa ni tupu. Mwanaesha ameshazungumza na mwenye nyumba na kuanza kuilipia kodi. Anaonyesha kwa mkono: hapa pikipiki itaingia nzima na mizigo, pale benchi la wanaosubiri, na katikati pazia zito, la kufunga na kufungua.

"Mwenye kupenda kupimwa mbele ya watu, pazia liko wazi," anasema. "Mwenye haya zake, talifunga, tubaki mimi na yeye na tairi. Lakini hatoki mtu hapa kabla sijamwona amekaa."

Na baada ya stoo?

Anafikiri, spana mkononi. "Nataka mtu akiulizwa huko Nairobi, matairi ya safari umefungia wapi, ajibu Bondeni. Na yule aliyeuliza asishangae."

Kisha anapiga magoti nyuma ya pikipiki nyekundu, anakunja mkono wa nguo, na kumwinulia uso yule dada wa Sheryl.

"Haya, mwanangu, panda nikuone."